Mjane wa Hekaluni na Mwanamke wa Bethania: Yupi Tumsome Kwaresima?

Kwa akina mama wanaosali Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, Injili ya Marko ina mifano miwili ya uaminifu inayofaa kulinganishwa. Mwanamke wa sura ya 14 alivunja kibweta cha marhamu ya nardo, yaani mafuta ya manukato, yenye thamani ya zaidi ya dinari 300 (karibu ujira wa mwaka mzima wa kibarua), akammiminia Yesu kichwani, akakemewa hadharani, na Yesu akamtetea palepale. Ujasiri huo ni mkubwa. Hata hivyo, kwa muuza mihogo wa Darajani, ambaye Jumapili hufungua fundo la kanga na kutoa noti yake ya mwisho, namchagua mjane wa sura ya 12: alitia sarafu mbili, riziki yake yote, katika sanduku la hazina ya hekalu, na sifa zake waliambiwa wanafunzi, si yeye.