Deo "bila alumini" niliyonunua mjini: karatasi ilibanduka yenyewe

Nianze na yule kijana wa butiki, deo yenyewe, ile ya kupaka kwapani kusinuke, nitaifikia. Nimeingia na kikopo mkononi, nimemsalimia vizuri, nimemwuliza kwa nini mbele kumebandikwa kwamba haina alumini wakati chini ya karatasi hiyo hiyo mtengenezaji ameandika kwamba imetiwa shabu, nayo shabu ina alumini. Kikopo hakukitazama. Macho yalikuwa kwenye simu. Akanijibu: "Mama, kama unaogopa aluminium, acha kupika bukari ndani ya sufuria." Wateja wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akaegemea kaunta.

Kinachoniuma ni kwamba jibu ni zuri. Sufuria zetu hapa Lubumbashi ni za alumini kweli, nyingine zinayeyushwa na mafundi humu humu mjini kutoka kwenye vyuma chakavu, na bukari, yaani ugali wetu wa kila siku, inasongwa ndani yake. La kumjibu nililipata nikiwa tayari ndani ya taksibasi kuelekea Katuba: baba, sufuria yangu hakuna mtu aliyeibandikia karatasi ya kusema si alumini. Nililipa kwa sababu ya ile karatasi. Bila ile karatasi ningenunua deo ya kawaida pale sokoni Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, na kubaki na pesa ya unga wa wiki.

Mnaojiuliza kwa nini niliitafuta: si kansa. Kwenye kwaya yetu kuna mama anayetuma sauti za WhatsApp karibu kila Jumapili kwamba deo za alumini zinaleta kansa ya matiti. Mama huyo nampenda, lakini mwaka 2002 kule Seattle, Marekani, watafiti walitoa matokeo ya kulinganisha wanawake zaidi ya 800 waliokuwa na kansa hiyo na wengine karibu idadi ile ile ambao hawakuwa nayo, na deo haikuonekana kuwa na hatia. Mimi nilikuwa nahurumia blauzi. Ni mwalimu, navaa nyeupe, mkono uko juu ubaoni asubuhi yote, na darasa zima linatazama kwapa langu. Deo za kuzuia jasho hufanya kazi kwa chumvi za alumini zinazoziba vitundu vya jasho, na chumvi hizo zikikutana na jasho kwenye kitambaa zinaacha ile njano ambayo hata jiki haiitoi; wakati mwingine jiki inaizidisha. Nimeshageuza blauzi ngapi kuwa vitambaa vya kufutia ubao.

Sasa niseme haki: inafanya kazi. Jasho linatoka, tena linatoka sana, kwa sababu deo ya namna hii haikusudii kulizuia. Jasho lenyewe halinuki. Wanaonukisha ni bakteria wa kwapani wanaolila na kutoa uchafu wao. Mle ndani kuna bikabonati, ile ile tunayotia kwenye maharagi yaive haraka, na bakteria hawaipendi. Nilipita mwezi wa kumi, kabla mvua haijaanza, ule mwezi ambao Lubumbashi nzima inatazama mbinguni na hakuna kitu, nikasimama darasani mpaka saa saba mchana, nikabanwa kwenye taksibasi watu wanne kwenye kiti cha watatu, na nikifika nyumbani nanusa: hakuna. Mdogo wangu, ambaye pua yake haina huruma hata kwa mgeni, alinusa pia. Akasema hakuna. Wiki zile za kwanza nilikuwa naisifia kwa kila mwalimu mwenzangu kama mtu aliyelipwa.

Iliniwasha kidogo, hasa siku za kunyoa. Ngozi ya mtu ina uchachu mdogo, bikabonati inakwenda upande wa pili, kwa hiyo kuna watu wanatoka vipele kabisa. Mimi niliacha siku moja katikati, ikatulia. Hilo silihesabu.

Lakini mafuta! Imesukwa kwa mafuta ya nazi, na mafuta ya nazi yakipita nyuzi 24 au hapo karibu tayari yanaanza kuyeyuka. Mwezi wa kumi hapa saa nane za mchana tunapita 30 bila shida. Nikafungua kikopo nikakuta supu, unga umezama chini, mafuta yanaelea juu. Mara ya kwanza nilipokwenda kuuliza, kijana yule yule, siku hiyo akiwa bado na adabu, alinishauri: "Mama, weka ndani ya frigo." Frigo ya kwangu inapata umeme saa zake inazotaka yenyewe, saa nyingine ni kabati tu la kuwekea nyanya. Na blauzi? Njano niliyoikimbia sikuiona, nimepata madoa ya mafuta. Nashukuru angalau yanatoka kwa sabuni.

Basi hayo mafuta ndiyo yaliyomchongea yule kijana. Yalimwagika ndani ya mkoba, yakalowesha ile karatasi ya kijani ya "bila alumini", ikajikunja, ikabanduka. Chini yake kulikuwa na orodha ya mtengenezaji, herufi ndogo lakini safi: mafuta ya nazi, siagi ya shea, bikabonati, wanga wa mahindi, mafuta ya mchaichai, halafu mwishoni shabu ya potasiamu. Ile ile ya jiwe ambalo kinyozi anakupitishia kidevuni ukikatwa na wembe. Shabu ni salfeti ya alumini na potasiamu. Alumini imo ndani ya jina lake la kitabuni! Mtengenezaji hakuficha chochote. Ni butiki iliyokwenda kuchapisha karatasi na kuibandika hasa juu ya orodha, na sitaamini kwamba ilikuwa bahati mbaya, kwa sababu kikopo kina nafasi kubwa tu upande wa pili.

Nikarudi. Ya sufuria mmeshaisikia. Nilipokataa kuondoka akaongeza: "Ile njo aluminium ya asili, mama, haiko ya usine." Alumini ya asili, eti si ya kiwandani! Kana kwamba ile nyingine inatoka mwezini. Nikaomba pesa yangu. Akasema nimeshaifungua. Nikamwambia nisingeifungua ningejuaje? Hapo akaacha kuniita mama, akasema, "Weye njo unatoka jasho mingi, usisumbue bantu." Mbele ya watu. Mimi ninayefundisha watoto wa umri wake.

Mtasema ni shabu kidogo tu, kwapa langu liko salama, kelele za nini. Kwangu ndiyo, ni kidogo. Lakini kuna watu wanaoikimbia alumini kwa sababu za maana. Marekani deo za kuzuia jasho zinaandikwa onyo kwamba mgonjwa wa figo amwulize daktari kwanza, kwa kuwa figo ndizo zinazoitoa alumini mwilini. Nyinyi wa butiki, mtu wa figo akisoma karatasi yenu ya kijani atajipaka akijua yuko salama, kumbe mmemwamulia nyinyi. Mngempa nafasi ya kusoma tu. Ile orodha ilikuwa tayari imeandikwa!

Nilitaka kutoa nyota nne: moja nikate kwa mafuta. Nikikumbuka kicheko cha yule wa kaunta nashuka kwenye moja. Deo yenyewe haina kosa, nilisema hivyo na narudia, aliyeitengeneza angestahili hata tano kama angeipunguzia mafuta ya nazi kwa ajili ya miji ya joto. Basi andikeni tatu. Hapana, mbili, kwa sababu pesa yangu bado iko kwenye droo yake.

Kikopo kiko nyumbani kwenye beseni la maji baridi, kimebaki robo, na mdogo wangu ameshakihamishia upande wa vitu vyake akidhani sijaona. Kikiisha atakwenda kununua kingine yeye, mimi pale mlangoni sikanyagi. Nimemwambia akifika abandue karatasi kwanza, mbele ya yule kijana, polepole, ndiyo alipe.