Poda ya DSS kwa panya wa saratani ya utumbo: inafaa, mradi ununue bachi (toleo la kiwandani) moja

Kwa maabara za Kisumu na Nakuru zinazotaka kufuatilia uvimbe unavyokua kwenye utumbo mpana, poda ya DSS (dextran sulfate sodium, kemikali inayochanganywa na maji ya kunywa ya panya ili kuwasha utumbo mpana) yenye uzito wa molekuli 36,000 hadi 50,000, ikitanguliwa na sindano ya azoksimetani, kemikali inayoanzisha saratani, ndiyo tunayopendekeza. Panya wa Apc Min, wenye kasoro ya kurithi katika jeni ya Apc na waliojulikana tangu 1990, huota uvimbe mwingi zaidi kwenye utumbo mwembamba. Kwa DSS uvimbe hujitokeza sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, na majuma 10 hadi 12 yanatosha.

Kopo la gramu 100 linahudumia panya 20. Kila panya hunywa takriban mililita 5 kwa siku. Ukihesabu na maji yanayomwagwa kila yanapobadilishwa, mzunguko wa siku 7 unakula lita 1.2, yaani gramu 24 kwa asilimia 2. Mizunguko mitatu ni gramu 72. Zinazobaki usizipeleke popote: ni za jaribio dogo la asilimia 1.5, 2 na 2.5, panya watatu kila kizimba.

Jaribio hilo ni la lazima, kwa sababu nguvu ya poda hubadilika kutoka bachi hadi bachi. Kopo moja huwalegeza panya kidogo tu, na jingine lenye lebo ileile huwaua. Muuzaji akikuletea makopo ya bachi mbili kwa jaribio moja, yarudishe.

Sindano ni moja, tumboni, miligramu 10 kwa kilo. Panya wa gramu 22 anapata miligramu 0.22. Azoksimetani yenyewe husababisha saratani, kwa hiyo vaa glovu na uifanyie kazi ndani ya kabati la kuvuta hewa. Hukaa kwenye friza, na stima ikipotea mara kwa mara lazima uwe na jenereta. Siku 7 baadaye anza maji ya DSS, halafu maji matupu siku 14, kisha urudie.

Unyevu wa Kisumu ni adui wa poda hii. Ikishaanza kushikamana mabonge, mizani inapima na maji, na dozi inashuka bila wewe kujua. Funga kopo mara tu ukishachota. Badilisha maji kila baada ya siku mbili, na uangalie chupa inayovuja: maranda yakiwa yamelowa chini ya mdomo wake, panya hao hawajanywa kiasi unachodhani.

Wapime uzito kila siku. Kinyesi chenye damu ni cha kutarajia, lakini aliyepoteza asilimia 20 asiachwe ateseke. Muue bila maumivu siku hiyohiyo. Wanaodhoofika waloweshee chakula na ukiweke chini kizimbani.

Kasoro kubwa ni kwamba uvimbe huu ni nadra kusambaa hadi ini. Anayechunguza kusambaa kwa saratani atafute njia nyingine.