Darubini ya 10x50 niliyonunua Dodoma, nimeitumia kwenye Vela X-1 na haya ndo maoni yangu

Wakuu kuna watu wanauliza kama hizi darubini za macho mawili zinazouzwa huku Dodoma zinafaa kwa nyota au ni za kuangalizia wanyama mbugani tu. Mimi nimechukua ile ya 10x50 (inakuza mara 10, lenzi ya mbele milimita 50) isiyo na jina kubwa, duka moja maeneo ya Majengo, laki na arobaini baada ya kuongea na muuzaji vizuri, na jibu langu ni kwamba inafaa sana ila stendi ni lazima maana mkono ukitetemeka kidogo tu nyota zote zinacheza.

Niliinunua hasa kwa ajili ya Vela X-1. Huu ni mmoja wa mifumo ile ya nyota mbili inayotoa eksirei, nyota kubwa ya bluu yenye uzito unaozidi jua letu zaidi ya mara 20, na nyota ya nyutroni, yaani kiini kizito kilichobaki baada ya nyota kulipuka, ndogooo inayoizunguka kwa siku 9 hivi, ipo karibu kabisa na ile kubwa na inameza upepo, yaani gesi, unaotoka kwake, ule upepo ukianguka juu yake unapata joto kali na eksirei zinatoka hapo. Sasa kila mzunguko nyota ya nyutroni inapita nyuma ya ile kubwa na eksirei zinazibwa, karibu siku mbili nzima!

Kuipata sio kazi. Mwezi wa tano masika ikishaisha, usiku usio na mbalamwezi, saa mbili angalia kusini ukiegemea magharibi kidogo, tafuta Suhail, ni nyota kali yenye rangi ya chungwa. Ukiiweka chini kwenye duara la darubini basi Vela X-1 iko juu yake kama digrii 3, zote mbili zinaingia kwa pamoja. Mwanga wake ni daraja la 6.9 (namba ikiwa kubwa nyota ni hafifu zaidi) kwa hiyo kwa macho matupu huioni, ila kwa hii 10x50 nilipotoka nje ya mji upande wa Hombolo ilikaa pale wazi kabisa, na hata nyumbani Nkuhungu nimeiona japo taa za barabarani zinasumbua. Aisee mwanga ule umesafiri miaka kama 6,500.

Ila tuelewane, kupatwa kwenyewe hutakuona. Unachoona ni ile nyota kubwa, na mwanga wake wa kawaida unabadilika kidogo mno kwa sababu imevutwa ikawa na umbo kama yai, jicho halitambui. Eksirei nazo hazipiti kwenye hewa yetu, ndo maana Uhuru, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 toka jukwaa la San Marco baharini jirani na Malindi, na ndo ikaonesha Cen X-3, mfumo mwingine kama huu, inapatwa kila siku 2 na kidogo. Kwa hiyo mimi natumia darubini pamoja na grafu za MAXI, chombo cha Wajapani kilichofungwa kwenye kituo cha anga cha kimataifa mwaka 2009, zipo mtandaoni bure. Unafungua Vela X-1 unaona eksirei zinashuka chini kabisa kila siku 9, na katikati ya hapo zinapanda na kushuka hovyo ndani ya masaa kwa sababu ule upepo una mabonge, haujalingana. Halafu unatoka nje unaiangalia nyota yenyewe ukijua sasa hivi mwenzake kajificha nyuma, mimi hiyo raha siwezi kuielezea.

Mapungufu: gurudumu la kufokasi ni gumu, pembeni ya duara nyota zinavutika kama mikia, na mfuko wake ni wa hovyo, vumbi la Dodoma linaingia lote.

Anayetaka kuona kupatwa kwa jicho lake aanze na Algol, nyota mbili zinazozibana zinazoonekana kama moja. Hiyo haihusiani na eksirei hizi lakini kanuni ya kuzibana ni ile ile, Novemba saa nne usiku upande wa kaskazini, kila siku 2.87 inafifia toka daraja la 2.1 hadi 3.4 na zoezi zima linachukua kama masaa 10.

Nilipopita juzi zilikuwa zimebaki chache kwenye kabati la kioo. Kabla hujalipa cheki sehemu ya kufungia stendi kwa mbele kama ina nati, kuna nyingine hazina.