Sponji za mashine ya polishi: kipi ununue kwanza cha kuzisafishia

Sponji ikiziba, hata polishi ya bei mbaya haifui dafu. Kila inapopita kwenye rangi, sponji inazoa vitu viwili: polishi iliyokwisha kazi na unga wa klia (tabaka angavu linalofunika rangi) iliyokwanguliwa. Vitundu vikijaa, sponji inapata moto, vumbi linaruka, mikwaruzo haitoki tena, na badala yake unaacha vichora vyembamba vinavyojitokeza gari likitolewa juani. Wengi wakifika hapo huongeza polishi au hukandamiza mashine, na hapo ndipo sponji inapozidi kuloa na kuchemka.

Sponji iliyoziba inajulikana kwa macho na kidole. Uso wake unang'aa kama ngozi ya kiatu, na ukiubonyeza kwa kidole gumba unachelewa kurudi. Kwenye rangi isiyo na klia hali hiyo inakuja haraka zaidi. Nyeupe ya Toyota yenye namba ya rangi 040, ambayo mara nyingi haina klia juu yake, huigeuza sponji kuwa nyeupe pepe kabla hujamaliza boneti. Hiyo ni rangi yenyewe inatoka, si kosa la polishi, lakini inakulazimu usafishe mara nyingi zaidi.

1. Sponji za ziada

Huenda ulitarajia kifaa cha kusafishia. Hata hivyo, pesa ya kwanza iende hapa, kwa sababu sponji moja haiwezi kumaliza gari zima hata ukiisafisha vipi: inaloa, inapata joto katikati, na joto hilo ndilo linalolegeza gundi ya velkro, yaani kitambaa cha nyuma kinachoinasisha sponji kwenye mashine. Gari dogo lipangie sponji 4 kwa kila hatua ya kazi, Prado na wenzake 6. Hatua mbili, yaani kompaundi (polishi kali ya kukwangua mikwaruzo) kisha polishi ya kumalizia, zinataka seti mbili. Andika nyuma kwa kalamu ya wino mzito ipi ni ya nini, kwa kuwa sponji iliyowahi kubeba kompaundi haifai kumalizia rangi nyeusi.

2. Brashi ya nailoni na taulo la pamba

Kwa bei yake, hakuna kinachoishinda brashi. Tafuta yenye nywele fupi, ngumu kiasi, zisizochoma kiganja. Safisha kila unapomaliza eneo la kama sentimita 50 kwa 50, usisubiri paneli iishe. Sogea mbali na gari, geuza sponji itazame juu, weka spidi ya chini, kisha gusisha brashi kutoka katikati kwenda ukingoni kwa sekunde 5 hivi. Ukikandamiza utachana sponji. Baada ya hapo bonyeza sponji kwenye taulo safi lililokunjwa, mashine ya DA (ile inayozunguka huku ikiyumba) ikizunguka, ili taulo linyonye unyevu. Kwa mashine ya mzunguko wa moja kwa moja usijaribu kushika taulo mkononi: linaweza kunaswa na kujiviringisha. Hapo tumia brashi peke yake, mashine ikiwa kwenye spidi yake ya chini kabisa.

3. Upepo wa kompresa

Kama gereji tayari ina kompresa, panda nayo hadi nafasi ya pili, maana unachohitaji kununua ni pua ya kupulizia tu. Upepo unatoa uchafu ulio ndani ya vitundu, mahali ambapo brashi haifiki, na papo hapo unaipoza sponji. Kwa pedi za maikrofaiba ndiyo njia bora kuliko zote. Presha ya psi 90, sawa na bar 6 hivi, inatosha. Puliza kwa mshazari ukipita usoni mwa sponji. Ukielekeza pua wima na karibu mno, unaweza kuing'oa kwenye velkro. Vaa miwani na barakoa, na upulizie nje, mbali na gari.

Kwa walio Dar es Salaam, Tanga au Mombasa: hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na maji hujikusanya chini ya tangi. Yatoe kila asubuhi, la sivyo utaipulizia sponji maji yenye kutu.

4. Sabuni ya kufulia sponji

Hii ni ya mwisho wa siku. Ipo ya unga na ya maji iliyotengenezwa mahsusi, na inayeyusha mafuta ya polishi vizuri, ila sabuni ya maji ya kuoshea vyombo nayo inafanya kazi. Loweka dakika 10 hadi 15 katika maji ya uvuguvugu, kamua kwa kiganja bila kusokota, suuza mpaka povu liishe. Maji ya moto yanaharibu gundi. Kama unatumia kisima chenye chumvi, suuza mara ya mwisho kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Zungusha sponji ndani ya ndoo tupu itoe maji, kisha ianike kivulini uso ukiwa chini na velkro juu, maji yasikae kwenye gundi. Usiiache na polishi usiku kucha. Ikigandia humo, kuitoa ni shughuli.

5. Ndoo ya kuoshea yenye pampu

Grit Guard wanatengeneza moja inayojulikana: unabonyeza sponji, maji yanaruka kutoka chini, mashine inaizungusha mpaka itakate. Inasafisha kweli. Lakini sponji inatoka na unyevu unaopunguza nguvu ya polishi, hivyo lazima uikaushe kwa kuizungusha na kuibonyeza kwenye taulo. Ina maana kwa karakana yenye magari kadhaa kwa wiki. Mwenye gari lake moja aiache.

Usinunue

Gurudumu la meno ya chuma ni la pedi za sufu. Kwenye sponji linang'oa vipande. Brashi ya waya vivyo hivyo. Thina na petroli zinalegeza gundi. Sponji ikishachanika ukingoni, ikibonyea katikati bila kurudi, au velkro ikianza kuachia, itupe: ikichomoka mashine ikiwa kwenye spidi, bamba gumu la mashine linaloishikilia litatua moja kwa moja kwenye rangi.