Uzi wa akriliki na seti ya sindano 12: uzoefu wangu baada ya mablanketi sita

Kufuma blanketi Dar es Salaam mwezi wa pili ni kujitafutia adhabu. Likishafika nusu linakulalia mapajani kama mtoto mwenye homa, viganja vinatoa jasho, na uzi unaanza kukwama kwenye sindano huku ukilia kwii, kwii. La kwanza nililifuma hivyo, zima zima, kuanzia upande mmoja hadi mwingine. Matano yaliyofuata nimefuma vipande vya mraba kimoja kimoja, nikaja kuviunganisha mwishoni. Kipande kinaingia kwenye mkoba, unakifuma dukani ukisubiri wateja au kituoni Kimara ukisubiri mwendokasi lenye nafasi, na hakikupikii mapaja.

Ninachotaka kukieleza hapa ni vitu viwili nilivyotumia muda wote huo: uzi wa akriliki wa donge la gramu 100 ninaonunua Kariakoo, na seti ya sindano 12 za kroshia zenye mpini wa mpira niliyoiagiza mtandaoni. Duka silitaji, aliyeniuzia seti naye simtaji. Yapo ya kusifu na ya kulalamika, na bado nanunua kwao.

Mama yangu ni wa kizazi cha vitambaa. Nyumbani kila kochi lilikuwa na chake, kila stuli, hata redio, vyote vimefumwa kwa uzi mwembamba wa pamba na kutiwa wanga visimame. Kwake nilirithi mkono tu, uvumilivu wa uzi mwembamba sikuupata. Nilipoanza mablanketi alinishauri nitumie pamba. Nilijaribu kipande kimoja nikaacha: pamba ni nzito, bei yake imesimama, na ikilowa blanketi zima hulinyanyui kwenye beseni peke yako. Akriliki ni nyepesi, inakauka mchana mmoja, na huu ninaoutumia haujawahi kuchuja rangi hata nilipofua nyekundu na nyeupe pamoja. Kwa kitu cha zawadi hilo kwangu linamaliza mjadala, maana huwezi kumpa mtu blanketi halafu ukampa na masharti ya kulifua.

Donge nalipata kwa 3,500. Blanketi la sentimita 120 kwa 150 linanilia madonge 10 au 11 kwa sindano ya milimita 4. Hesabu yangu ni vipande 80 vya sentimita 15, vinane kwa kumi. Kipande kimoja ni mizunguko sita, dakika 25 hivi kama simu imekaa mbali. Ukizidisha unapata saa 33, bado hujaunganisha. Na bado hujaficha mikia! Kipande cha rangi tatu kina mikia sita ya uzi, kwa hiyo blanketi zima lina mikia 480. Nilipoipiga hesabu hiyo mara ya kwanza nilikuwa nimeiacha yote hadi mwisho, nikakaa nayo Jumapili tatu. Sasa naificha kila kipande kinapokwisha, kwa sindano butu ya kushonea, kabla sijaanza kingine.

Tuje kwenye lalamiko langu kubwa. Blanketi la pili niliamua vipande vyote vizungushiwe rangi ya damu ya mzee. Ndani niliweka chochote kilichokuwapo: bluu bahari, manjano, zambarau, maji ya kunde, kijani cha majani ya mgomba. Nilinunua madonge matatu ya damu ya mzee nikiamini yatatosha. Yakaisha vikiwa vimebaki vipande 20, na ukingo haujaguswa. Nikarudi duka lile lile, nikapewa uzi wa kampuni ile ile, wenye karatasi ile ile na jina la rangi lile lile. Chini ya taa za dukani vilikuwa mapacha. Nilipoanika blanketi juani, upande mmoja ulikuwa damu ya mzee na mwingine ulikuwa damu ya kijana.

Kumbe kiwanda hutia uzi rangi kwa mikupuo, na kila mkupuo una namba yake imepigwa kwenye karatasi ya donge, mara nyingi pembeni mwa neno Lot. Namba zikitofautiana, rangi inaweza kutofautiana kidogo, na macho ya binadamu yanaliona hilo kidogo kwa kilomita nzima. Muuzaji hakuniambia. Nilipomuuliza aliniangalia kana kwamba nimemwomba cheti cha kuzaliwa cha uzi. Huko dukani madonge ya mikupuo mbalimbali yanamwagwa kapu moja, na hapo namtoa alama muuzaji, uzi wenyewe hauna kosa.

Kwa hiyo ukinunua, rangi za ndani zisikunyime usingizi, zinachanganyika na hakuna atakayeona. Rangi ya kuzungushia ndiyo ya kuikagua namba. Mzunguko wa mwisho ndio mrefu kuliko yote, halafu kuna kuunganisha na ukingo, kwa hiyo rangi hiyo moja inakula madonge manne na ushee kati ya yale kumi. Mimi nachukua matano ya namba moja. Likibaki, linaanza kofia ya mtoto.

Jingine ni pasi, na hili ni kosa langu mwenyewe. Vipande vingine vilikuwa vimejikunja pembe nikataka kuvinyoosha. Nilikandamiza pasi ya moto kama ninapiga shati la kaniki. Akriliki ni plastiki kwa asili yake: vipande vinne vililegea, vikang'aa kama vimepakwa mafuta na havikurudi tena. Sasa nalowesha, navuta pembe, nabana kwa pini juu ya taulo na kuacha vikauke. Kwa sababu hiyo hiyo nawaambia wanaopokea wasiliweke karibu na jiko la mkaa.

Seti ya sindano nimeridhika nayo nusu. Ilikuja na sindano 12, kuanzia milimita 2 hadi 8, kwenye kimkoba chenye zipu. Mpini wa mpira ni raha ya kweli, kidole gumba hakiumi hata baada ya saa mbili, na mimi nilikuwa naamka kimekakamaa nilipotumia zile za chuma tupu. Ila kati ya 12 nimetumia mbili, ya 4 na ya 5. Mpini wa ile ya 4 ulianza kuzunguka wenyewe mwezi wa tano, sindano inabaki imetulia na mpira unageuka. Niliuchomoa nikatia gundi, umetulia mpaka leo. Namba zilizochapwa mpinini zimefutika, nimezikwangua upya kwa ncha ya wembe. Na joto likizidi, ninairudia sindano ya alumini aliyonipa mama, imechubuka rangi yote lakini uzi unateleza juu yake kama sabuni. Anayeanza anunue sindano moja nzuri ya 5, seti isubiri.

Mitindo nachukua YouTube. Chunga tu mfundishaji anatoka wapi, kwani mshono ambao Wamarekani wanauita dabo, Waingereza wanauita trebo, na dabo ya Waingereza ndiyo singo ya Wamarekani. Niliwahi kufuata maelezo ya Muingereza kwa kichwa cha Kimarekani, kilichopaswa kuwa kipande laini kikawa kishikio cha sufuria. Nilikifumua chote.

Moja nilipeleka kitchen party ya mwenzangu wa kazini. Mshereheshaji alilikunjua katikati ya masufuria na mabeseni, vigelegele vikapigwa, na kabla sijakaa nikawa nimeulizwa bei na watu watatu. Niliwatajia uzi peke yake, 38,500. Mmoja akasema la manyoya la dukani si linakaribia hapo? Sikumjibu, alikuwa sahihi kwa upande wake. Ndiyo maana siuzi. Kroshia haina mashine kiwandani, kila kitanzi kimepita mkononi mwa mtu, na ukianza kulipisha saa 33 hakuna wa kununua.

La mtoto wa wifi yangu lilinifundisha jambo. Nililifuma dogo, vipande 30, zuri kabisa, na baada ya wiki wifi akanipigia simu akicheka: vidole vya mtoto vinanasa kwenye matundu kila akishika. Ya watoto sasa nafuma kwa mshono mfupi uliobanana, yanakula uzi zaidi lakini hayana tundu.

Lile la kwanza kabisa, la jasho, nilimtumia bibi Njombe kwa basi, mwezi wa sita baridi ikiwa imeshuka sawasawa. Baba mdogo akaniambia bibi amelikunja, amelitia sandukuni na naftalini, anajifunika lile lake la zamani lenye mashimo. Nikampigia.

"Bibi, si nimekuletea ujifunike?"

"Hili ni la wageni, mjukuu wangu. Nikilalia, wageni wataona nini?"

Tulibishana hadi salio likakata. Mwishowe tukakubaliana nifume la pili, hilo atalilalia, mradi lisiwe zuri sana. Juzi nimekwenda Kariakoo kuchukua madonge matano ya maji ya kunde. Kijana wa pale akaniona kwa mbali, akamgeukia mwenzake: "Fungua katoni mpya, dada wa namba huyo anakuja."