Volkswagen Beetle iliyolala miaka mingi: tathmini ya gari la kufufua nyumbani Mombasa

Kati ya magari madogo ya kale ambayo bado yanapatikana yamelala katika nyua za Tudor, Ganjoni na Nyali, sijaona linalomfaa mtu anayetaka kulifufua kwa mikono yake nyumbani kama Volkswagen Beetle. Ninayoyaeleza hapa yametokana na Beetle 1300 ya mwaka 1968 iliyokuwa imekaa chini ya banda la makuti tangu mwenyewe alipoacha kuendesha kwa sababu ya uzee, na ambayo sasa inakwenda sokoni Kongowea na kurudi bila wasiwasi. Silipimi gari hili kwa starehe wala kwa kasi. Nalipima kama kazi ya nyumbani, yaani ni sehemu zipi mtu mwenye spana, jeki na subira anaweza kuzimudu, na ni zipi zinazomtaka amwite fundi. Kauli yangu kuu ni kwamba hapa Pwani mtu anunue sakafu, asinunue injini. Beetle yenye sakafu nzima na injini iliyoganda ina thamani kubwa kuliko ile inayowaka kwa ufunguo mara moja huku tumbo lake limeliwa na kutu.

Sababu iko katika jinsi gari lenyewe lilivyoundwa. Bodi ya Beetle imekalia sakafu ya bati na kufungwa kwa bolti pande zote. Katikati ya sakafu hiyo unapita mgongo mnene wa chuma ambao ndani yake mna fimbo ya gia, nyaya za klachi na za kuongeza mafuta, na bomba la petroli linalotoka kwenye tanki mbele kwenda injini nyuma. Kingo mbili za bodi, chini ya milango, ni mirija mipana iliyowekwa ili ipeleke hewa ya moto kutoka kwenye injini hadi miguuni mwa abiria wa nchi za baridi. Mombasa hakuna anayehitaji joto hilo, na kwa hiyo wenye magari wengi waliiacha mirija hiyo ioze bila kujali, hali ya kuwa ndiyo mifupa inayoizuia bodi isijikunje. Mirija ikiisha, milango hushuka, mwanya wa juu ya kitasa huwa mpana kuliko wa chini, na gari likiinuliwa kwa jeki mlango hukataa kufunga.

Kwa hivyo ukaguzi wa Beetle iliyolala uanze chini, kabla hata ya kuuliza kama inawaka. Ondoa mazulia yote, kisha inua kiti cha nyuma, kwa maana betri imewekwa chini yake upande wa kulia na asidi yake humwagika juu ya bati miaka nenda miaka rudi. Katika gari langu, kipande cha bati cha ukubwa wa sahani kilibaki mkononi mwangu pamoja na chuma cha kufungia betri, lakini nilipogonga hatua moja mbele ya pale kwa mpini wa bisibisi, mlio ulikuwa wa bati zima, na rangi nyeusi ya kiwandani ilikuwa bado imeshika. Hali hiyo inatibika. Angalia pia mahali pa kuwekea jeki pembeni, kisima cha tairi la akiba kule puani ambako maji ya mvua hutuama, na mihimili ya mbele inayobeba magurudumu. Chukua na sumaku ndogo uipitishe kwenye bodi, kwa sababu sumaku haishiki palipojazwa puti, na magari mengi yaliyopakwa rangi ili yauzwe yamejazwa puti pasipostahili.

Kuchomelea ndiyo sehemu ambayo sikushauri uifanye mwenyewe kama hujawahi, na ndiyo itakayokula pesa kuliko injini. Mwite fundi wa bodi aje nyumbani na mashine inayolisha waya pamoja na gesi, kwa maana ile ya vijiti vya umeme hutoboa bati jembamba la sakafu badala ya kuliunga. Nusu za sakafu, ya kushoto na ya kulia, bado zinatengenezwa mpya, na ni nafuu kuagiza nusu nzima kuliko kuunganisha viraka. Kabla ya kukata mirija ya pembeni, lazima nondo ichomelewe kukatiza uwazi wa mlango ili bodi isisogee, na upande mmoja umalizike kabla wa pili haujaguswa. Fundi niliyemwita, mtu mzima aliyezikuta Beetle barabarani zikiwa bado nyingi, alifunga na kufungua mlango kila baada ya kuchomelea sehemu ndogo. Nilipomuuliza kwa nini hatumii futi, alinijibu, “Mzee wangu, mlango ndio futi yenyewe. Ukifunga bila kusukumwa, basi tumepima sawa.” Ustadi wa namna hiyo unastahili kulipwa vizuri.

Injini, kinyume na wanavyoiogopa watu, ndiyo furaha ya kazi hii. Ina silinda nne zilizolala mbili kwa mbili zikielekeana, ujazo wake katika 1300 ni sentimita za ujazo 1285, na inapozwa kwa hewa. Gari lolote linalotumia maji likilala miaka kumi katika mji wa bahari, njia za maji ndani ya injini huziba kwa kutu, rejeta huoza na mipira hupasuka. Beetle haina kimoja katika hivyo. Yangu ilikuwa imeganda, na dawa yake ilikuwa kutoa plagi, kumimina oili nyepesi kidogo katika kila silinda, kuiacha siku kadhaa, kisha kujaribu kuizungusha polepole kwa spana ya 21 kwenye nati ya dainamo, ambayo kwa msaada wa mkanda huzungusha injini nzima. Mkanda ukiteleza, usilazimishe. Ongeza oili na ungoje. Ikishazunguka, shika puli kubwa ya chini uivute na kuisukuma: kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, ikicheza zaidi ya milimita 0.15 kwenda mbele na nyuma, kasha la injini linahitaji karakana ya mashine, na hapo bei ya gari ishushwe.

Kuitoa injini hakuhitaji zaidi ya jeki imara na watu wawili, kwani imeshikwa kwa bolti nne tu. Inatumia takriban lita mbili na nusu za oili, nayo haina filta bali chujio la waya chini yake, ambalo katika gari lililolala utalikuta limejaa tope jeusi. Mwanya wa vali upimwe injini ikiwa baridi, uwe milimita 0.15. Kabla ya kuiwasha mara ya kwanza, izungushe kwa stata bila plagi mpaka taa ya oili izimike, ndipo urudishe plagi.

Kuhusu joto la Mombasa nitasema kwa kirefu kidogo, kwa sababu wengi huamini kwamba injini ya hewa haiwezi kuvumilia jua la kaskazi katika foleni ya Makupa. Inavumilia, kwa sharti kwamba mabati yote yanayoizunguka yawepo. Feni husukuma hewa ndani ya kasha la bati lililo juu ya silinda, na kati ya injini na bodi kuna mpira unaotenganisha hewa safi ya juu na hewa ya moto ya chini. Mafundi wengi wa zamani walitupa mabati hayo kwa kuona yanawachelewesha, na mpira huo ukikatika injini huanza kuvuta tena moto wake wenyewe. Katika miundo ya kabla ya 1971 kipozeo cha oili kimesimama ndani ya kasha hilo na kuikingia hewa silinda ya tatu, ndiyo sababu silinda hiyo huwa ya kwanza kuungua vali. Gari lililolala lina adui mwingine hapo, naye ni panya. Nilipolifungua kasha la feni nilikuta kiota cha nyuzi za kiti na makumbi ya nazi kimejaza upande wote wa kushoto, ulipo mpangilio wa silinda ya tatu na ya nne. Kama ningeiwasha bila kufungua, injini isingemaliza wiki.

Petroli ndiyo hatari ya kweli ya Beetle, na mtu asiyekuwa tayari kuishughulikia asilinunue gari hili. Pampu ya mafuta iko juu ya injini, karibu na distributa yenye cheche, na mpira unaotoka hapo kwenda kwenye kabureta hupita juu ya chuma cha moto. Kasha la injini limetengenezwa kwa aloi ya magnesiamu, ambayo ikishika moto haizimiki kwa urahisi. Badilisha kila kipande cha mpira wa petroli, pamoja na kile kifupi kilichojificha mbele chini ya tanki, na ukifunge kwa klipu. Duka moja la spea liliniuzia mpira wa maji kwa jina la mpira wa petroli. Baada ya muda mfupi ulikuwa umelainika na kuvimba. Soma maandishi yaliyopigwa chapa kwenye mpira wenyewe kabla ya kulipa. Tanki litolewe, petroli iliyogeuka gundi imwagwe, na kutu ya ndani iondolewe kwa kulijaza siki siku kadhaa na kulisuuza vizuri kwa maji yenye magadi kabla ya kulikausha kabisa. Kizima moto kiwe ndani ya gari, mahali ambapo mkono wa dereva unafika.

Breki hazina mjadala: oili ya breki hunywa unyevu wa hewa, na hewa ya Mombasa ni unyevu mtupu. Masta silinda, silinda za magurudumu na mipira yote viwe vipya, hata kama pedali inaonekana ngumu. Nyaya za umeme ni chache na zinafuatika.

Spea zinapatikana kuliko za magari mengi ya rika lake, kwani Beetle zaidi ya milioni 21 zilitengenezwa na kiwanda cha Puebla nchini Meksiko hakikuacha mpaka Julai 2003. Madigadi yote manne yamefungwa kwa bolti na mtu anaweza kuyabadilisha barazani pake. Uimara wa miguu yake hauna shaka: Volkswagen ilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, katika barabara za tope ambazo uzito wa injini juu ya magurudumu ya nyuma uliisaidia kupita mahali ambapo magari yenye nguvu zaidi yalinasa.

Likishakamilika, liepushe na maji ya kisima. Sehemu nyingi za kuoshea magari mjini hutumia maji ya kisima yenye chumvi, na kila wanapopuliza chini ya gari huirudisha ile kutu uliyolipa kuiondoa. Mimi huosha kwa maji matamu, hata kama ni ya mtungi wa mkokoteni, nikianza na tumbo la gari na kingo za chini ya milango, kisha naliacha milango wazi juani mpaka matundu ya kutolea maji yaache kudondosha. Kila kabla ya mvua za masika hupuliza oili nzito ndani ya ile mirija ya pembeni kupitia matundu hayo hayo.