Valvu za kale au mpya kwenye priampu?
Kwa priampu (kikuza sauti cha kwanza, kabla ya amplifaya kuu) inayotumia valvu, yaani taa ya kioo inayokuza ishara ya sauti, aina ya ECC83, ambayo pia huitwa 12AX7, masikio yangu yako kwa zile za kale za kampuni ya Mullard, za Blackburn, Uingereza: sauti ya mwimbaji inasogea mbele, laini. Ila bei yake inauma, na bandia ni nyingi. Valvu mpya za JJ, kampuni ya Slovakia, ni nafuu, na ikifa unaagiza ileile.

Kubadilisha ni kulekule. Chomoa waya ukutani, subiri zipoe, lenganisha pini tisa, sukuma wima. Ukiwasha, gonga valvu taratibu kwa penseli ya mbao; ikilia kama kengele kwenye spika, irudishe, hata iwe ya kale.

Hapa Kampala, kama umeme wako unayumba kila jioni, anza na mpya. Mwenye stabilaiza na muuzaji anayepima valvu, atafute Mullard.